Baa ya Kumuagia Colm

Jumatatu, 10 Novemba

Zamu ya asubuhi, nyumba ya wazee. Nimeogesha wanne, nimebadilisha mashuka. Msimamizi anataka nipumzike mpaka mazishi ya mume wangu yapite. Nimemwambia nikikaa nyumbani nitavunja vyombo.

Jioni nimempokea Fergal, kaka yake Colm, kutoka Ayalandi. Miaka kumi na minne nimeolewa na mdogo wake, hajawahi kukanyaga kwetu Hagsätra, huku Uswidi. Hata pole hakunipa. Aliuliza tunamuaga Colm kwenye baa gani. Nikasema hakuna baa. Ijumaa tunazika, kisha chai na pilau kwenye ukumbi wa kanisa, Akalla. Wakenya wenzangu wameshagawana mapishi.

"Mwairishi haagwi kwa chai," akasema.

Simpendi.

Jumanne, 11 Novemba

Anatafuta baa "ya Kiairishi kweli". Mji haujui, kwa hiyo namzungusha mimi. Mjane, tena mtembeza wageni.

Ya kwanza, Gamla Stan. Kofia za kijani ukutani, wahudumu wote Waswidi. Alicheka kwa dharau, akatoka bila kuketi. Ya pili, Södermalm. Televisheni sita, zote hoki ya barafu. Ya tatu ilikuwa na moto wa umeme ndani ya meko bandia. Anasema kwenye baa ya kweli mwenye baa anakujua wewe na anamjua baba yako. Nikamwambia basi arudi kwao akanywe huko.

Ananiita Karibu. Naitwa Kerubo.

Jumatano, 12 Novemba

Ameipata. Alienda peke yake nikiwa kazini. Ndogo, nyuma ya Odenplan, mwenyewe ni mzee wa kwao. Ameshapanga kila kitu: Ijumaa tukitoka makaburini, watu wote waende huko. Ameshawaandikia mpaka wafanyakazi wenzake Colm. Mimi hakuniuliza.

Binti yangu Moraa ndiye aliyenionyesha ujumbe. Ana miaka kumi na miwili. "Mamma, vem bestämmer?" Anataka kujua mwenye uamuzi ni nani.

Fergal hajui jambo moja. Colm aliacha pombe miaka kumi na moja iliyopita. Nilimwokota sakafuni bafuni, Moraa mchanga analia chumba cha pili. Tangu siku hizo, kila Alhamisi alikuwa akienda Rissne, chumba cha chini ya jengo, kukaa na wenzake walioacha. Aliniapisha nisiwaambie ndugu zake. Nikaapa.

Sasa wanataka kumwinulia glasi za kitu kilichotaka kumuua.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimevunja kiapo.

Nilimfuata Fergal kwenye hiyo baa yake. Nakiri, ni nzuri. Mbao nyeusi, hakuna muziki. Mwenyewe alizunguka kaunta akanipa mkono na pole. Hilo likanitia hasira zaidi. Fergal akanisogezea bia nyeusi. Nikairudisha. Nikamwambia, watu wakisikia, kwamba mdogo wake hakuonja pombe miaka kumi na moja, na kwamba meza ya kwao, na chupa zake, aliiogopa kuliko kifo.

Sikusema ili kumtetea Colm. Nilisema ili kumuumiza Fergal. Nikamuumiza.

Alisukuma glasi yake kando. Halafu: "Kila Krismasi alituambia wewe umekataa kuja."

"Mimi?"

"Alisema hututaki. Mama anakulaumu mpaka leo."

Nikaketi. Ni mimi niliyekuwa nikimsihi twende. Mwaka mmoja nilishapanga hadi mabegi, akasema mama yao anaumwa, hataki wageni. Kumbe kule ananitaja mimi, huku anamtaja mama. Alijificha nyuma yangu miaka yote, na sasa hawezi kuulizwa.

Namchukia. Nimeliandika na silifuti.

Ijumaa, 14 Novemba

Tumemzika. Mvua nyembamba, matope mpaka kwenye vifundo.

Fergal alikuwa amewaandikia watu upya: Akalla. Hakuniambia. Nimewaona tu wakiingia. Alikula pilau amesimama, karibu na mlango. Mzee mmoja Mganda, wa lile kundi la Rissne, alimshika mkono, wakaenda pembeni. Wameongea mpaka viti vikaanza kukusanywa. Fergal alirudi macho mekundu, akavua koti, akaanza kubeba viti.

Nimepokea pole za ukumbi mzima. Moyoni nilikuwa namtukana marehemu.

Jumapili, 16 Novemba

Fergal aliondoka jana. Uwanja wa ndege alisema samahani, haraka, akitazama begi. Sikumjibu "si kitu", kwa sababu ni kitu. Nilimwambia asafiri salama.

Leo mchana mama yao amepiga simu. Hatujawahi kuongea. Sauti nyembamba, anatafuta maneno. Nilimwambia mawili tu: kwamba nilitaka kuja, na kwamba mwanawe aliugua zamani, kisha akapona. Nikamsikia anapumua. Sikuharakisha.

Baadaye aliomba kuongea na mjukuu wake. Moraa alinyoosha mkono kabla sijamuita, akaingia na simu chumbani. Nimeurudisha mlango polepole.

Nje kumeshaingia giza. Bado wanaongea.