Leo Nimekataa Kufa

Doha, Ijumaa

Wiki hii nimekufa mara nne, zote kwa risasi za mchezo. Onyesho la makauboi lilikuja hapa jirani, mjini Lusail, likakosa maadui, basi sisi walinzi tukavishwa manyoya ya kuku tuwe Wahindi Wekundu. Sasa watoto wakiniona getini wananipiga risasi kwa vidole.

Mimi, niliyechunga ng'ombe Kajiado, niuawe na kauboi kijana anayeogopa ndama wake mwenyewe wa maonyesho!

Leo sikuanguka. Wasswa, mlinzi mwenzangu Mganda, alikuwa maiti tayari, akaninong'oneza: "Mzee, kufa basi, tutafukuzwa!"

Nikamshika yule ndama sikio na mkia, nikamlaza chini. Watoto wakashangilia.

Msimamizi amefoka: kosa jingine, nirudi Kenya. Naogopa, sikatai. Ila leo nalala nikiwa hai.