Msalaba Wako wa Vigae

Baba,

Shikamoo yangu ikukute umeshika mwiko wa saruji. Mvua inanyesha London tangu asubuhi, nikajibanza kwenye jumba la makumbusho. Geuza kadi uone: ni ukuta wa kanisa la kale, umepambwa kwa vipande vidogo vya kioo. Dada anayetembeza wageni akasema mafundi waliviinamisha makusudi ili vishike mwanga wa mishumaa. Nikaropoka, "Hata baba yangu hufanya hivyo!" Nikamwonyesha kwenye simu ule msalaba wa vigae vilivyovunjika uliotengeneza kanisani kwetu. Akautazama, kisha akasema, "Huyu ni fundi."

Wazee wa kanisa wakirudi kudai vigae vya msalaba vimeinama vibaya na ung'olewe, usibishane nao. Wape kadi hii.

Nakupenda sana.

Neema, binti wa fundi