Salma Kaniandika Mjane

Somoe shoga yangu, shika simu. Mume wangu kaondoka! Anakuja huko kwenu Mahurunga, kwa dada yake.

Si unajua Salma mjukuu wangu katengeneza tovuti ya kuuzia mikeka yangu? Akaniambia, "Bibi, maneno lazima yamwingie mtu moyoni, ndipo anunue." Nikasema haya, andika.

Kaandika mimi mjane. Somoe, mjane! Eti nasuka huku nalia, sina wa kunishika mkono.

Mume wangu, Mzee Dadi, kasomewa hayo dukani Chikongola, mbele za watu. Mmoja akamwambia, "Pole, marehemu." Wakacheka wote.

Karudi kanywea. Hakupiga kelele, bora angepiga. "Hawa mke wangu, miaka yote nakukatia ukindu, leo umenizika?" Kachukua shuka lake, katoka.

Namwambia Salma afute, ananijibu, "Bibi, subiri kwanza, huruma inauza." Inauza! Na mume wangu yuko njiani!

Nakuomba, akifika mkamate. Mwambie sikujua kilichoandikwa. Mwambie sijakaa eda, nimekaa mlangoni namngoja yeye.