Turubai la Kuanikia Maharage

Kasulu, Alhamisi. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa jua linapozama haijachoka. Viatu vyangu vinakauka kando ya mafiga. Lakini moyo wangu leo ni mweupe, shajara, na nitakueleza kwa nini, ingawa itabidi kwanza nijiumbue.

Unajua kwamba tangu Jumatatu ukumbi wa kanisa letu umejaa wakimbizi, wale waliovuka mpaka wakashushwa na lori kutoka Kibondo. Sisi akina mama tunawapikia kwa zamu: asubuhi uji, jioni ugali wa muhogo na maharage. Mimi ndiye ninayeshika upawa. Hakuna aliyenichagua. Nina sauti kubwa tu.

Kati yao yuko Venansi, aliyekuja na mkewe pamoja na mama wa mkewe, Bibi Anastazia. Bibi ndio kwanza homa imemwachia, na tulikuwa tunatumaini uji utamwinua. Venansi mwenyewe hakutaka kuingia ukumbini. Alilala barazani, akanywa uji wake amesimama nyuma ya jiko. Nikasema moyoni, huyu ana maringo.

Leo asubuhi nilimkuta amelowa, anatetemeka. Uvumilivu ukaniisha. Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani na kumkalisha penye nafasi, nikamtilia uji. Nafasi yenyewe ilikuwa mbele ya mama mkwe wake.

Bibi Anastazia akaweka bakuli chini. Akajifunika kanga usoni, akatoka kwenye mvua. Venansi naye akatokea mlango wa pili.

Nikamfuata bibi na mwavuli, niko tayari kugomba. Nilimkuta amejibanza kwenye mgomba. Akaniambia polepole, "Mwanangu, weye ni Muha. Yule ni umukwe wanje. Nile mbele yake?"

Nilikuwa najua.

Nina miaka kumi na mmoja ya ndoa, na baba mkwe wangu kule Nyakitonto hajawahi kuniona nikitafuna. Akija kwangu mimi nakula jikoni, na jina lake silitamki hata kwa fimbo. Mila zao na zetu ni zile zile. Lakini haikunijia akilini kwamba mtu aliyepanga foleni ya uji bado ana mkwe. Nilimwona mwenye njaa tu. Naona aibu kuyaandika haya.

Nilimrudisha bibi jikoni kwenye moto, nikakimbia nyumbani kuchukua turubai letu la kuanikia maharage. Mume wangu akauliza maharage yataanikwa wapi. Nikamwuliza, kwa mvua hii? Mama Bonifasi, mwenzangu wa zamu, akafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, tukaugawa ukumbi. Kisha nikatangaza kwa sauti yangu ile ile, "Mwenye mkwe humu ndani achague upande!"

Kumbe! Nusu ya ukumbi ikainuka. Wazee wakahama na mikeka yao, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku tatu nzima watu walikuwa wanakwepana, na mimi nadhani hawaupendi ukumbi wetu.

Jioni hii Venansi alikula ndani, mkavu. Upande wa pili Bibi Anastazia alimaliza sahani, akaomba maharage tena. Nilifurahi kupita kiasi. Halafu akaniita. "Mwulize umukwe wanje kama ameshiba."

Venansi alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo na amesikia kila neno. Hata hivyo nikazunguka turubai, nikamwuliza.

"Mwambie mama nimeshiba," akasema.

Nikazunguka tena, nikamwambia.

Kesho nitashika upawa kama kawaida. Mungu anisaidie niwe nauliza kwanza, kabla sijamshika mtu mkono.