Mbao za Dirisha la Zuwena

Nasma uko wapi? Shika simu! Ya kwa Zuwena leo hujapata kuyasikia.

Asubuhi fuso limerudi nyuma pale Chumbageni, limemvunjia kioo chote cha mbele cha duka. Vitenge viko nje nje, wapita njia wanashikashika. Zuwena akampigia kaka yake Zubeiri, "Nitafutie mbao niliokoe duka, nizibe hili tundu kabla hawajanimaliza."

Zubeiri kafika dakika kumi. Dakika kumi, Nasma! Mbao saba, zimerandwa, zimelingana. Zuwena akamwombea dua mpaka machozi yakamlenga.

Mama yao, si unajua anaumwa miguu? Kasikia kishindo, kajikokota kutoka nyumba ya uani, akawekewa kiti pale pale.

Ndo anapita fundi Sabiri, yule seremala. Kwa sauti yake yote: "We Zubeiri, viunza ulivyoniagiza vya mama yako ndo unazibia dirisha?"

Viunza! Mbao za kumfunikia maiti kaburini! Na mama yupo kwenye kiti, anapumua!

Nyundo ikamdondoka Zuwena. "Umeagiza lini?" Kaka mtu anahesabu misumari. "Lini, Zubeiri?"

"Mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu! Mama alikuwa bado anakwenda soko la Ngamiani kwa miguu yake!

Mama hakulia. Kainama, kaokota nyundo, akamkabidhi Zubeiri.

"Pigilia, mwanangu. Siku ukivihitaji, unajua pa kuving'oa."