Vifaranga wa Dada Sikuwatenga

Majengo,
Songea.
9 Julai 2025

Mpendwa dada Lukresia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Nakapanya, wewe na shemeji Leonce. Mguu wako umepoa? Sisi tunapumua, ila baridi ya mwezi huu imetukamata. Mama anaota moto kutwa nzima.

Simu ningekupigia, lakini ningekukosea adabu.

Dada, wale vifaranga sita wa bata mzinga ulionipa zawadi wamekufa. Hao si neno. Wangu kumi na wanne, niliokuwa nawalea kwa ajili ya sherehe ya nadhiri za utawa za mwanangu Noela, wamebaki watatu. Walianza kupiga chafya, macho yakatoa machozi, kamasi zikaziba pua, wakawa wanahema midomo wazi. Mama ndiye aliyegundua kwanza kwamba sauti zao zimekauka. Bwana mifugo alipofika aliuliza swali moja tu, kama nimeingiza wageni bandani.

Unanijua nilivyo na masharti. Kuku wa sokoni namtenga wiki tatu. Wako niliwafungulia banda siku ileile niliyoshuka kwenye basi, maana kuwatenga vifaranga wa dada yangu mkubwa niliona ni kukutukana.

Jumapili shemeji alilala hapa akielekea Njombe. Alipoona banda limepwaya akashangaa: "Kumbe hata hapa hawakupona? Dada yako alisema wakakohoe Songea, kwenye madaktari." Akaeleza na ulivyowafuta kamasi kwa kanga asubuhi ile ya kuondoka kwangu, mimi niko ndani nakunywa chai yako. Wazima ukabaki nao. Usimgombeze, alidhani najua.

Imeniuma sana, dada. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, nami sikuwahi kudhani nguo yenyewe ni wewe. Ungeniambia ni wagonjwa ningewachukua vilevile, nikawatibu kando.

Mama anakusalimu, na bado anakushukuru kwa zawadi. Sijamwambia. Msalimie shemeji, mwambie koti lake alilisahau hapa.

Nadhiri ni tarehe nane Desemba. Noela anakuulizia, na kiti chako cha mbele kipo palepale, wageni watakula maharage. Njoo, dada. Ila usinibebee kitu chochote, hata yai. Njoo mikono mitupu.

Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako, akupendaye hata sasa,
Odilia