Pilipili kwa Tigre

Jumatano, 11 Juni 2025

Unisamehe, daftari langu, kwa kukunyamazia tangu Pasaka. Ulikuwa uvivu, tusitafute sababu nyingine. Leo lakini sina budi kuandika, kwa kuwa nimepata ulinzi. Mwanangu Désiré, ambaye tangu ahamie Golf, mtaa wa matajiri, anaiona mitaa mingine yote kuwa pori la wezi, ameniletea mbwa. Jina lake Tigre, yaani chui-milia. Tigre! Alipofika alilamba mikono ya watu wote wa nyumba, kisha akalala juu ya viatu vyangu vya kanisani.

Amri za Désiré: mchana afungwe, asione watu, asisemeshwe kwa upole. Usiku afunguliwe. Atakayemlisha ni Fils, mtoto wa marehemu dada yangu, anayekaa kwangu huku akitafuta kazi. Basi, kazi imepatikana.

Jumamosi, 14 Juni

Wezi wamekuja. Wamebeba betri ya sola. Tigre hakubweka. Jirani yangu Mama Mbuyi, aliyechungulia dirishani, anasema aliwasindikiza mpaka langoni akitikisa mkia. Ukarimu wa namna hiyo siku hizi haupatikani hata kwa Wakristo.

Désiré kwa simu: "Ile imbwa iko bule, Mama! Ambia Fils aongeze." Aongeze nini? Alikata simu kabla sijauliza.

Jumanne, 17 Juni

Sasa najua. Tigre ametapika damu barazani. Ugali wa bukari katika bakuli lake ulikuwa mwekundu — pilipili! Fils hakuona haya hata kidogo: "Tantine, imbwa ya kulinda inakulaka pilipili. Inaongeza hasira. Bantu bote banafanyaka vile." Wote wanafanya. Hoja nzito. Nilimwomba alimalize bakuli lile mwenyewe, tuone kama atapata hasira ya kutafuta kazi.

Nilimwita Michée, daktari wa wanyama. Alipombonyeza tumbo, Tigre alilia kama mtoto. "Maman, ile haiko ukali, ile iko kidonda. Mukimupa pilipili tena, atakufa." Akataka pia afunguliwe mchana, aone watu, asemeshwe. "Imbwa yenye kuogopa inaluma kila mutu. Yenye kuzoea bantu, inajua mubaya ni nani." Ameacha dawa ya kuchanganya na uji.

Kwa hiyo mimi, niliyewafundisha watoto wa mtaa huu tangu ujana wangu, sasa ninampikia mbwa uji. Bila chumvi. Maendeleo.

Ijumaa, 27 Juni

Anakula. Bukari laini na kuku wa kuchemsha. Fils anakula sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama, na hanisemeshi, nyumba imetulia. Mnyororo nimeutundika nyuma. Nikimwambia Tigre "Keti," anaketi. "Ngoja," anangoja. Katika miaka yote ya darasani sikupata safu ya mbele yenye adabu hii.

Jana shirika letu la mtaa lilisali rozari kwangu. Tigre alilala mlangoni mpaka mwisho, kimya. Mama Mbuyi: "Maîtresse, imbwa yako inasali kupita bwana yangu!" Wanawake walicheka hadi tukapoteza hesabu ya Salamu Maria. Ilinibidi nikohoe.

Simpendi. Ni dawa tu, lazima zimalizike.

Alhamisi, 3 Julai

Désiré anakuja Jumapili kumchukua. Anampeleka shambani kwake, Kasomeno, ambako mlinzi wake "anajua kufundisha imbwa". Nayajua masomo hayo: mnyororo na pilipili. Nikamweleza maneno ya Michée. Alicheka. "Mama, unageuza ile imbwa ya salon, ya kulala mu nyumba! Nitakuletea ingine, mukali." Kana kwamba mbwa ni balbu: akizimika, unabadilisha.

Nimelala vibaya. Ni baridi ya Julai, bila shaka.

Jumapili, 6 Julai

Désiré amefika baada ya misa. Suti, miwani myeusi, mnyororo mpya mkononi. Ameingia langoni akipiga mluzi. Tigre akasimama mbele ya mlango wangu, manyoya ya mgongo wima, akanguruma — yeye! — kwa sauti ambayo sikujua anayo. Bwana mkubwa wa Golf amerudi garini mbio. Kiatu kimoja na mnyororo vimebaki uani.

Fils anaruka kwa furaha: "Tantine, amekuwa mukali! Ni ile pilipili inatumika sasa!" Pilipili ya karibu majuma matatu, ndiyo kwanza inafanya kazi.

Désiré amefungua kioo upana wa kidole. "Mama! Kuya ufunge imbwa yako!"

Yangu. Tangu lini?

Nimemjibu kutoka dirishani kwamba angoje, ninaandika. Honi. Tigre ameketi sasa, macho hayatoki garini, lakini sikio moja amelielekeza kwangu. Anangoja neno. Nikilisema, atanyamaza, atafungwa, ataondoka, na huko Kasomeno tumbo lake halitamaliza mwezi.

Honi tena. Nitaandika nikishaamua: kumshika mbwa, au kumwacha alipo na kumpelekea mwanangu chai humo humo garini.